Maelezo ya Mwombaji Hifadhi: Mwongozo Kamili kwa Wakili, Msaidizi wa Kisheria na Mkalimani

Shauri la hifadhi, yaani la mtu anayeomba ulinzi wa nchi nyingine kwa kuwa kwao hako salama, halifanani na mashauri mengine aliyoyazoea wakili. Kwenye mgogoro wa ardhi kuna hati, alama za mpaka na majirani wa kuitwa; kwenye madai ya fedha kuna mkataba na risiti. Mtu aliyekimbia nchi yake huja mara nyingi na nguo alizovaa pamoja na simu yenye kioo kilichopasuka, na ushahidi mkubwa alionao ni kumbukumbu yake mwenyewe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya shauri lake hutegemea kurasa chache zinazobeba maelezo yake. Afisa anayeliamua ombi huzisoma kabla ya kumwona, humhoji kwa kuzifuata mstari kwa mstari, na akilikataa ombi, sababu atakazotoa zitatoka humo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaoyaandaa maelezo hayo: wakili, msaidizi wa kisheria anayekaa na mteja saa nyingi kuliko wakili, na mkalimani anayekaa kati yao. Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo fomu na siku za mwisho lazima zithibitishwe katika sheria ya mahali ombi linapowasilishwa. Kazi ya kumsikiliza mtu na kuandika alichokisema haibadiliki sana popote.

Kabla ya kumpokea mteja

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba una ruhusa ya kutoa ushauri unaotaka kuutoa. Nchini Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuidhinishwa ni kosa la jinai kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999. Nchini Marekani, anayeweza kumwakilisha mtu mbele ya mamlaka za uhamiaji kama kazi ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia shirika linalotambuliwa, na serikali haimlipii mtu wakili katika mahakama za uhamiaji. Msaidizi asiye na idhini anaweza kufungua jalada, kukusanya nyaraka na kuandika maelezo chini ya usimamizi wa wakili, lakini hapaswi kumwambia mteja aombe nini wala asiombe nini. Mpaka huu ni wa lazima, kwa sababu kila palipo na wageni wenye shida hutokea mtu anayejiita mtaalamu wa makaratasi, anayechukua fedha na kujaza fomu kwa hadithi moja anayowauzia watu kumi. Mwathirika hugundua siku ya mahojiano, wakati hadithi ile imeshakuwa ushahidi dhidi yake.

Jambo la pili ni chumba. Tafuta chumba chenye mlango unaofungwa na kiti kisichomfanya mteja aupe mlango mgongo. Wanaokuja kama familia wasikilizwe pamoja kwa dakika chache tu za utangulizi, kisha kila mtu mzima asikilizwe peke yake. Mke anaweza kuwa na shauri lake mwenyewe ambalo mumewe halijui. Inawezekana pia kwamba anayemkimbia ndiye aliyeketi pembeni yake. Ikidhihirika kwamba maslahi yao yanagongana, ofisi moja haiwezi kuwawakilisha wote wawili, na hilo liamuliwe mapema kabla hujasikia siri za pande zote.

Mkutano wa kwanza

Usidai kisa chote siku ya kwanza. Mteja amechoka, hakujui, na pengine mtu wa mwisho aliyemketisha kwenye kiti na kumuuliza maswali huku akiandika alikuwa afisa usalama. Mkutano huu una kazi ndogo lakini za haraka.

Anza kwa kujitambulisha kwa lugha anayoielewa: wewe ni nani, ofisi yako si ya serikali, haina uhusiano na ubalozi wa nchi yake, na anachokisema hakitatoka nje bila idhini yake. Mkalimani naye aseme hivyo hivyo kwa kinywa chake, kwa kuwa mara nyingi mteja humwogopa mkalimani kuliko anavyomwogopa wakili. Mkalimani ndiye anayefahamu kwao.

Kisha tafuta tarehe. Aliingia lini, kwa njia gani, na alionana na afisa yeyote? Nchini Marekani ombi la hifadhi linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka 1 tangu mtu alipoingia mara ya mwisho, isipokuwa athibitishe kwamba hali imebadilika au kwamba alizuiwa na sababu isiyo ya kawaida. Nchi nyingine zina muda mfupi zaidi. Uliza kama ana barua ya kuitwa mahakamani, kama amewahi kuamriwa kuondoka, na kama kuna mahali anapotakiwa kuripoti. Barua zilizobaki ndani ya bahasha bila kufunguliwa ni jambo la kawaida, kwa hiyo mwombe alete kila karatasi aliyopewa, hata ile anayodhani haina maana.

Muulize pia: “Je, uliwahi kutia sahihi karatasi yoyote mpakani au uwanja wa ndege?” Mahojiano mafupi ya mpakani, yaliyofanyika usiku, pengine kwa lugha ambayo mteja anaijua nusu, huwekwa kwenye jalada la serikali na kuibuliwa miezi mingi baadaye. Omba nakala ya kumbukumbu hizo mapema. Maelezo yaliyoandikwa bila kuziona ni kama kujibu barua ambayo hujaisoma.

Kabla hajaondoka, atie sahihi mkataba wa uwakilishi aliosomewa kwa lugha yake, unaoeleza gharama kama zipo na kazi mtakayoifanya. Apewe namba ya simu ya mtu mmoja atakayeipokea kweli. Kama aliingia bila kibali na ana hofu kwa sababu hiyo, mweleze kwamba ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi inazuia mkimbizi kuadhibiwa kwa kuingia kinyume cha sheria pale anapotoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na kutoa sababu ya msingi.

Sheria inayoongoza maswali

Mkataba wa Wakimbizi uliopitishwa Geneva tarehe 28 Julai 1951, ukapanuliwa na Itifaki ya mwaka 1967 iliyoondoa ukomo wa muda, unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu yenye msingi ya kuandamwa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii au maoni yake ya kisiasa, ambaye hawezi kupata ulinzi wa nchi hiyo au hataki kwa sababu ya hofu hiyo. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu hizo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969 unaongeza wanaokimbia uvamizi wa nje, ukaliaji, utawala wa kigeni au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma. Mkataba wa Kupinga Utesaji wa mwaka 1984, katika ibara ya 3, unazuia kumrudisha mtu yeyote mahali palipo na sababu za msingi za kuamini kwamba atateswa, bila kudai mojawapo ya zile sababu 5.

Katika maneno hayo ndimo yanamotoka maswali yako. Nani anayemwandama? Kwa sababu gani? Serikali ilifanya nini, au ilishindwa kufanya nini? Kwa nini hakuweza kuishi salama katika sehemu nyingine ya nchi hiyo hiyo? Akirudi leo, nini kitampata, na anajuaje?

Kwa uzoefu wangu, swali la sababu ndilo linalosahaulika zaidi. Mteja hueleza kwa kirefu alivyopigwa lakini haelezi kwa nini, kwa kuwa kwake sababu ni jambo la wazi kabisa. Kijiji kizima kiliijua. Muulize: “Walikuwa wanasema nini walipokuwa wanakupiga?” Jibu la swali hilo moja limewahi kubadilisha mashauri yaliyoonekana kuwa ya ujambazi wa kawaida. Muulize pia ni nani mwingine aliyefanyiwa hivyo na walikuwa na kitu gani kinachofanana naye.

Kuhusu kiwango cha hofu, wakili mchanga asijitishe bila sababu. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika uamuzi wa mwaka 1987 uliomhusu mwombaji hifadhi aitwaye Cardoza-Fonseca, ilieleza kwamba hofu inaweza kuwa na msingi hata pale uwezekano wa madhara ulipo chini ya nusu, na ikataja mfano wa uwezekano wa 1 kati ya 10.

Mkalimani na mitego ya Kiswahili

Mtoto asimfasirie mama yake. Ndugu, jirani na kiongozi wa dini wa mteja wasifanye kazi hii hata wakijitolea kwa moyo mweupe. Mtafute mkalimani anayejua lahaja ya mteja, kwa maana Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bujumbura, cha Mombasa na cha Mtwara vina maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Kama Kiswahili ni lugha ya pili ya mteja, muulize anaota kwa lugha gani na anahesabu kwa lugha gani, kisha mtafute mkalimani wa lugha hiyo. Wengi hukubali Kiswahili kwa adabu tu, ili wasisumbue.

Hata mkalimani hodari huanguka katika mitego ifuatayo, nami ninaieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona mashauri ya kweli yakitiliwa shaka kwa ajili ya neno moja.

Wa kwanza ni ukoo. Nimewahi kushika jalada ambalo mwombaji alisema ukurasa wa 2 kwamba baba yake aliuawa, na ukurasa wa 6 kwamba baba yake alimpeleka kituo cha basi miezi 3 baadaye. Afisa aliandika kwamba mwombaji hasemi kweli. Aliyeuawa alikuwa baba mzazi na aliyempeleka kituoni alikuwa baba mdogo, na katika nyumba ile wote wawili waliitwa baba tu. “Ndugu” huweza kuwa mtu wa tumbo moja, mtoto wa shangazi, mtu wa kabila moja au mwenzako wa chama. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chora mti wa ukoo kwenye karatasi pamoja na mteja, mpe kila mtu jina lake kamili, na tumia jina hilo mpaka mwisho.

Wa pili ni saa. Saa mbili usiku kwa anayehesabu Kiswahili ni saa 20:00, lakini mkalimani aliyechoka huitoa kama saa 2 baada ya usiku wa manane, na hapo askari waliokuja majirani wakitazama taarifa ya habari wanakuwa wamekuja watu wakiwa usingizini. Vivyo hivyo, “usiku wa kuamkia Jumatatu” ni Jumapili usiku. “Juzi” inaweza kuwa siku mbili zilizopita au majira yoyote ya karibuni. Kila saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24 baada ya kuthibitishwa: kulikuwa na giza? Watoto walikuwa wamelala?

Wa tatu ni mwili. “Mkono” kwa Kiswahili huanzia begani hadi kwenye vidole, na “mguu” huanzia nyongani hadi kwenye unyayo. Daktari akiandika kovu liko juu ya kiwiko, na maelezo yaliyofasiriwa yakasema kiganja, umejitengenezea mgongano usiokuwapo. Mwombe mteja aonyeshe kwa kidole, kisha andika mahali penyewe: kiganja, kifundo, kigasha, kiwiko, bega.

Wa nne ni watesaji. “Askari” huitwa polisi, mwanajeshi, mgambo, hata mlinzi wa duka. Katika sheria ya hifadhi, kujua kama mtesaji ni mtu wa serikali ni jambo linaloweza kuamua shauri. Uliza sare, rangi, kofia, gari, silaha na jinsi walivyokuwa wakiitana. “Walinifunga” nako kunaweza kuwa kutiwa kamba au kutiwa gerezani. Na “nilifungwa siku tatu” hakusemi kama kulikuwa na kituo cha polisi, mahakama au stoo ya mtu binafsi.

Mtego wa tano hauonekani kabisa: Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. “Aliniambia nikimbie” haisemi ni nani. Mkalimani anayefasiri kwenda lugha inayodai jinsia atachagua moja kwa kukisia, na mara nyingi atachagua mwanamume. Mteja mwenye mwenza wa jinsia moja anaweza kuufichua uhusiano wake polepole kwa kutegemea kimya hicho cha lugha, na kisio la mkalimani likamfungia mlango. Mkalimani aelekezwe kusema wazi kwamba jinsia haikutajwa, na wakili aamue kama wakati wa kuuliza umefika.

Kuandika maelezo yenyewe

Panga vikao vinne, kila kimoja kisizidi saa 2. Kikao cha kwanza kiwe cha maisha kabla ya matatizo: alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliishi na nani. Sehemu hii humtuliza mteja, na humwezesha msomaji kumwona mtu mwenye maisha kabla ya kumwona mhanga. Ukianzia kwenye kipigo, utapata kipigo tupu.

Kikao cha pili kiwe cha kalenda. Tandika karatasi ndefu mezani na uchore mstari. Watu wengi hawakumbuki tarehe, na mtu anayelazimishwa kutaja tarehe atabuni moja ili akupendeze, kisha atataja nyingine mbele ya afisa. Tumia vigingi anavyovijua: mtihani wa mtoto, uchaguzi, mvua za kwanza, msiba, mwezi wa Ramadhani, umri wa mwanawe alipoanza kutembea. Akisema “wiki mbili baada ya Idi,” tafuta Idi ya mwaka ule iliangukia lini, kwa sababu kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 hivi. Kisha andika kwa kadiri ya uhakika wake mwenyewe: “mwishoni mwa mwezi wa 6, sina tarehe kamili kichwani.” Ukadirio uliotajwa kuwa ni ukadirio hauwezi kugeuzwa kuwa uongo.

Matukio mazito yaje katika kikao cha tatu, asubuhi, kamwe yasianzishwe katika nusu saa ya mwisho. Mwambie mteja mapema leo mtazungumza nini, na kwamba anaweza kusimama, kunywa maji au kusema inatosha. Kumbukumbu ya mtu aliyeteswa haiji kwa mpangilio. Atakumbuka harufu ya dizeli na sauti ya funguo, asikumbuke lipi lilitangulia. Usimkate. Mwache aseme mara ya kwanza bila maswali, kisha rudini pamoja mwanzo.

Aliyebakwa aulizwe anapendelea kusikilizwa na mwanamke au mwanamume, na mkalimani pia achaguliwe hivyo. Atatumia maneno ya kujistiri: walinifanyia kitendo kibaya, walinivunjia heshima, waliniingilia. Usiyapite kwa kudhani umeelewa, wala usimsukumie neno lako. Muulize kwa upole maana yake, kubalianeni neno moja mtakalotumia, na mkalimani aliandike. Kama hakulisema jambo hili mpakani au kwa wakili wa awali, maelezo yatamke kwa nini hakulisema: mume alikuwapo chumbani, mkalimani alikuwa mtu wa kwao, aliona aibu. Ucheleweshaji ulioelezwa hupokewa kwa namna tofauti na ule ulioachwa bila maelezo.

Kuhusu uandishi wenyewe, tazama tofauti ya vifungu hivi viwili nilivyovitunga kwa mfano. Cha kwanza: “Nilivamiwa na maaskari wa serikali ambao walinitesa kikatili kutokana na maoni yangu ya kisiasa, kinyume na haki za binadamu.” Cha pili: “Nilikuwa ninambadilisha mtoto nepi mlango ulipopigwa teke. Waliingia watu wanne. Watatu walivaa sare za kijani na mmoja alivaa shati jeupe. Wa shati jeupe alishika karatasi akasoma majina yangu matatu, la mwisho likiwa la babu yangu, halafu akasema: Wewe ndiye unayewafungulia mlango wanaokutana kwa mwalimu.”

Kifungu cha kwanza kimeandikwa na wakili na kila afisa analijua hilo. Katika cha pili, sare zinaonyesha watesaji ni akina nani, karatasi yenye majina matatu inaonyesha kwamba walitumwa kwake hasa, na maneno ya mtu wa shati jeupe yanaonyesha sababu: walimhesabu kuwa mpinzani kwa kuwafungulia watu mlango, hata kama yeye mwenyewe hakuwa na maoni yoyote. Sheria yote imo ndani, na hakuna neno la kisheria hata moja. Acha hoja za kisheria ziende kwenye hati ya wakili, na maelezo yabaki sauti ya mteja, kwa sentensi zake, hata kama ni fupi na hazina madoido. Mtu aliyeishia darasa la nne asiandikiwe kama mhadhiri. Ataulizwa maana ya maneno yale na hatakuwa na jibu.

Kikao cha mwisho ni cha kusomewa. Maelezo yote yasomwe kwa Kiswahili, aya kwa aya, polepole, na baada ya kila aya mteja aulizwe aeleze amesikia nini. Kumuuliza kama ameelewa hakutoshi, kwa kuwa wengi huitikia ndiyo kwa heshima. Marekebisho yafanyike papo hapo. Hapo ndipo atie sahihi kila ukurasa, na mkalimani naye athibitishe kwa maandishi kwamba amefasiri yote. Ofisi yenye haraka huiruka hatua hii, na sijaona akiba ya muda iliyogharimu zaidi.

Ushahidi wa kusindikiza

Kitabu cha mwongozo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, cha mwaka 1979, katika aya ya 196, kinakiri kwamba mara nyingi mwombaji hawezi kuthibitisha maelezo yake kwa nyaraka, na kwamba wajibu wa kutafuta ukweli ni wa pamoja kati yake na mwamuzi. Hilo halikuondolei kazi ya kutafuta kinachopatikana.

Simu yake isifutwe wala kubadilishwa. Ujumbe wa vitisho upigwe picha ukionyesha namba na tarehe, na wenyewe ubaki kwenye simu. Kila hati iambatane na sentensi moja inayoeleza ilifikaje mkononi mwake, kwa sababu hati isiyo na njia hutiliwa shaka. Mashahidi walioko nchini mwake waandike pale tu inapokuwa salama kwao, na barua zao zipitie njia wanayoiamini. Usiwaulize kamwe maafisa wa nchi aliyoikimbia kuhusu mteja, hata kuthibitisha cheti cha kuzaliwa, bila kupima kwanza hatari utakayoiamsha kwa familia iliyobaki. Ripoti za hali ya nchi ziwe chache, za kipindi na eneo la tukio. Kurasa 600 za jumla hazisomwi na mtu.

Mwenye makovu au dalili za msongo apelekwe kwa daktari anayeifahamu Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza utesaji uliokamilishwa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2022. Chini ya mwongozo huo daktari hasemi tu kwamba kuna kovu. Anapima linavyolingana na kisa kilichoelezwa, kuanzia lisilolingana, linaloweza kulingana, linalolingana sana, lililo la kawaida kwa jeraha la aina hiyo, hadi lile lisiloweza kutokana na jambo jingine. Mpe daktari maelezo yaliyokamilika kabla ya uchunguzi, ili nyaraka mbili zisipishane.

Mambo ambayo mteja angependa usiyajue

Pasipoti ya jina la mtu mwingine, viza iliyoombwa kwa kisingizio cha harusi, ombi lililokataliwa katika nchi nyingine, safari ya kurudi nyumbani kumzika mama. Yaulize yote, bila kukunja uso, na ueleze kwa nini unauliza. Katika nchi za Ulaya alama za vidole za waombaji hifadhi zinalinganishwa kupitia mfumo wa Eurodac tangu mwaka 2003, kwa hiyo njia aliyopita yaelekea inajulikana tayari. Jambo linalotajwa na mwombaji mwenyewe, pamoja na sababu yake, lina uzito mwingine kabisa na lile linalotolewa na afisa katikati ya mahojiano. Wanaokimbia kwa pasipoti za kughushi ni wengi, kwa kuwa anayetafutwa na serikali hawezi kuiomba serikali hiyo hiyo pasipoti.

Kama mteja alikuwa jeshini, polisi au katika kundi la wapiganaji, wakili mwenyewe akae naye, maana ibara ya 1F ya Mkataba huwanyima hadhi ya ukimbizi wale ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba walitenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu au makosa makubwa yasiyo ya kisiasa kabla ya kuingia. Swali la kama alilazimishwa, na alikuwa na umri gani, liandikwe kwa uangalifu kuliko mengine yote.

Na kama unagundua kwamba kisa ni cha kununuliwa, usikiwasilishe. Mweleze mteja madhara, kisha muulize kilichomtoa kwao kweli. Mara nyingi kipo, nacho kina nguvu kuliko kile alichouziwa, ila aliambiwa hakifai.

Mahojiano, uamuzi na siku zinazofuata

Maandalizi ya mahojiano yahusu namna yatakavyokwenda, majibu yasikaririshwe. Aone picha ya chumba, ajue afisa ataandika muda wote bila kumtazama, na ajizoeze sentensi tatu: sijui, sikumbuki, sikulielewa swali. Ajue pia kwamba ana haki ya kusema mkalimani hamfasiri sawa, papo hapo na si baada ya kutoka. Wakili anayekijua Kiswahili asikilize fasiri yenyewe. Asiyekijua aende na msaidizi anayekijua pale sheria inaporuhusu.

Uamuzi ukifika, asomewe siku hiyo hiyo. Muda wa rufaa huhesabiwa kwa siku, na katika mifumo mingi hauanzi siku mteja alipoelewa bali siku uamuzi ulipotolewa au kupokelewa. Ndiyo sababu kila akihama makazi lazima mamlaka na ofisi zijulishwe kwa maandishi. Ombi likikataliwa, pitia kila sababu pamoja na rekodi ya mahojiano na uanzie kwenye makosa ya ukalimani. Ile mitego mitano iwe orodha yako.

Wafanyakazi wanaosikiliza visa hivi kila wiki nao huanza kukosa usingizi, kuwa wakali kwa wateja au kutokuhisi chochote. Ofisi ipange mzigo wa majalada kwa kulitambua hilo, na msaidizi aliyesikiliza kisa cha ubakaji asubuhi asipangiwe kingine mchana. Mkalimani wa kulipwa kwa saa husahaulika zaidi ya wote, ilhali yeye ndiye anayeyatamka maneno yale akisema “mimi”.

Ombi likikubaliwa, kazi iliyobaki ni ndogo ndogo lakini ina tarehe zake. Linganisha jina na siku ya kuzaliwa kwenye kitambulisho na zile zilizo kwenye ombi siku kitakapofika, kwa kuwa herufi moja iliyokosewa itamfuata benki, shuleni na hospitalini. Fungua tena ule mti wa ukoo uliochorwa kikao cha kwanza na uangalie kama mke, mume na kila mtoto wametajwa katika fomu ya awali, wakiwemo watoto wa kulea, kwa sababu ombi la kuwaleta hupimwa kwa orodha hiyo na katika nchi nyingi lina muda wake maalumu. Mrudishie hati zake halisi zote, atie sahihi ya kuzipokea, na nakala zibaki ofisini.